Mistari Isiyo na Jina

Saikal aligundua akiwa ananyonyesha. Mkono mmoja ulimshika Nurel, mwingine simu, na kwenye simu alikuwa amefungua programu ya akina mama wa milimani, ile aliyoitengeneza na wenzake kwa ajili ya kliniki ndogondogo zisizo na daktari. Jioni ile programu ingetumwa kwa watu. Alitaka tu kuutazama ukurasa wa kuhara mara moja ya mwisho, kama mtu anayemfunga mtoto vifungo vya koti kabla ya kumruhusu atoke nje.

Akasoma: "Mgonjwa apatiwe kiowevu cha kutosha kwa vipindi stahiki."

Akasoma tena. Nurel akaachia ziwa, akamtazama mama yake, akaona hakuna jipya, akarudi kunyonya.

Hayo hayakuwa maneno yao. Maneno yao Saikal aliyajua kwa moyo: "Mpe kijiko kimoja kimoja. Akitapika ngoja kidogo, kisha anza tena polepole. Ziwa usimnyime. Maji ya barafu yanang'aa, lakini yachemshe." Akafungua ukurasa wa homa. Nao vilevile. Ukurasa wa mtoto mchanga, vilevile. Kikirgizi cha matangazo ya ofisini, sentensi zilizovaa tai.

Programu yenyewe iliandikwa kwanza kwa Kirusi, na kila ukurasa ulipobadilika, mashine ilitengeneza faili la Kikirgizi yenyewe, haraka, bila kuchoka na bila kumwuliza mtu. Ndiyo maana majira yote ya baridi shangazi ya mumewe, mkunga wa kijiji kimoja huko juu Ak-Talaa, alikusanya wakunga wenzake na mama wachache wenye watoto, wakayapitia maneno ya mashine moja baada ya jingine. Walipopata sentensi nzuri, shangazi alituma ujumbe wa sauti. Saikal huku Bishkek aliusikiliza Nurel akiwa begani, akachapa kwa mkono mmoja ndani ya faili lile. Juu kabisa ya faili palikuwa na onyo: limetengenezwa na mashine, usilihariri kwa mkono. Saikal alilichukulia onyo lile kama kibao cha usikanyage majani. Watu wote hukanyaga.

Sasa maneno ya majira mazima ya baridi hayapo. Na kesho asubuhi malori yanapanda jailoo, kwenye malisho ya kiangazi, familia nzima nzima na mahema yao, mahali ambapo simu haipati mtandao mpaka watu washuke wakati wa vuli. Atakayepanda na kiowevu atakaa na kiowevu mpaka majani yaanguke.

Akampigia Temirlan, kiongozi wao wa kazi.

"Baike," akasema, yaani kaka, kama alivyomwita siku zote, "umeligusa faili la Kikirgizi?"

"Nimelisafisha jana asubuhi. Nilidhani utanishukuru."

"Umelisafisha mpaka mfupa."

"Saikal, faili lile lilikuwa linatutesa. Kila nikiunganisha kazi yangu na yako, mgongano. Mistari maelfu inagombana, na yote ni ya mashine. Kitu kinachotengenezwa na mashine hakikai ghalani. Tunatunza unga, mkate tunaoka kila siku."

Ghala ndilo jina waliloiita ile hifadhi ya kazi yao, ambapo kila badiliko huwekwa na lililopita halipotei. Saikal akavuta pumzi.

"Na mkate uliokandwa na shangazi kwa mikono yake?"

"Upo. Mimi si mjinga. Kila mstari una nafasi ya jina la mfasiri. Wenye jina la mtu nimeubakiza. Usio na jina ni wa mashine, nikaiacha mashine iuoke upya."

Saikal akamhamishia Nurel ziwa la pili. Upande wa pili mlio wa kibodi ya Temirlan ukakoma.

"Usiniambie," akasema.

"Mistari ya shangazi haina jina."

"Hata mmoja?"

"Njoo nyumbani, baike. Mambo haya si ya kwenye simu."

Temirlan alifika na kompyuta yake chini ya kwapa, uso umekunjamana. Alikuwa mtu wa mjini tangu kuzaliwa, hajaoa, anakula mkate kwa kusimama. Lakini kwa Kenjekan, mama mkwe wa Saikal, ambaye wote walimwita apa, yaani mama, hakuna mtu aliyewahi kula kwa kusimama. Alikalishwa kwenye zulia, mbele yake kukawekwa mkate, malai na jemu ya aprikoti, na Saikal akammiminia chai nusu kikombe, kama anavyomiminiwa mgeni asiyefukuzwa, maana kikombe kilichojaa humwambia mgeni aondoke. Apa akamchukua Nurel.

"Haya," Temirlan akasema akifungua kompyuta. "Tuanze na rahisi. Shangazi anaitwa nani? Nitafute jina lake, labda kuna mahali umeliweka."

Saikal akamwangalia apa. Apa akamwangalia Saikal.

"Kula mkate kwanza," apa akasema.

"Nakula, apa. Jina lake?"

"Malai hayo hujayagusa."

Temirlan akayagusa malai. "Jina tu. Neno moja."

"Mwanangu," apa akasema, "yule ni dada mkubwa wa marehemu mume wangu. Mimi nimeingia ukoo huu wewe hujazaliwa, na jina lake halijapita kwenye mdomo huu. Namwita Bibi wa Mtoni. Huyu naye ni mkwe kwake kama mimi. Unataka aliandike kwenye kompyuta, watu wote walione?"

Mkunga yule aliitwa Burulcha. Jina zuri, jepesi, na wanawake wote wawili walilijua. Lakini mwanamke aliyeolewa hawataji kwa jina wakubwa wa ukoo wa mumewe, si kwa sauti wala kwa kalamu, na wala hakuna aliyewahi kumwambia Saikal kwamba kibodi ya kompyuta ina ruhusa ya pekee.

"Ungeandika jina lako," Temirlan akasema.

"Hayakuwa maneno yangu, baike. Ningekuwa mwizi."

"Ungeandika Bibi wa Mtoni."

"Mfumo wako unakataa jina lisilosajiliwa. Uliutengeneza mwenyewe."

Temirlan akafumba macho. "Mumeo je? Yeye ni mtoto wa kaka yake, anaruhusiwa."

"Yuko kazini, wanazibua barabara kule mlimani. Hakuna mtandao."

"Basi katika nyumba hii hakuna mtu wa kunitajia jina moja."

"Yupo," apa akasema, akamgeuza Nurel amwelekee mgeni. "Huyu ni wa ukoo. Mwulize."

Wote wakamtazama Nurel. Nurel akatoa povu la mate, likapasuka, akashangaa. Temirlan alijaribu kubaki na hasira, ikamshinda, akacheka mpaka chai ikamwagika kidogo.

"Mama yangu," akasema akijipangusa, "alikuwa anamwita shemeji yake Mrefu. Nilikuwa mkubwa kabisa ndipo nikajua kwamba baba mkubwa hakuitwa Mrefu. Na wala hakuwa mrefu."

Wakaingia kazini. Njia ya kwanza aliyoifikiria Temirlan ilikuwa kurudi nyuma, kulitoa ghalani faili la majira ya baridi kama lilivyokuwa. Saikal akatikisa kichwa. Mwezi uliopita kurasa za dawa zilibadilika, vipimo vya zinki vilisahihishwa, chanjo zikapangwa upya. Ukilirudisha faili zima, unarudisha na vipimo vya zamani. Na ndani ya faili lile la zamani, mistari isiyo na jina ilikuwa ya aina mbili, ya wanawake na ya mashine, imelala pamoja kama kondoo wa mifugo miwili kwenye zizi moja, bila alama masikioni.

"Tuilinganishe na ya mashine ya leo," Temirlan akasema. "Unaotofautiana ni wa mtu."

"Mashine yenyewe imebadilika. Leo haisemi ilivyosema wakati wa baridi. Tazama."

Akatazama. Karibu kila mstari ulitofautiana.

Temirlan akajiegemeza ukutani. Alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa ya upole, na hiyo ndiyo iliyomtisha Saikal zaidi.

"Sikiliza, dada yangu. Tutume kama ilivyo. Hakuna kosa la dawa humo, nimehakiki. Ni maneno magumu tu. Vuli tutarekebisha kwa utulivu. Hakuna mtoto atakayekufa kwa sababu ya neno kiowevu."

Saikal alishika buli. Alimiminia chai ambayo haikuhitaji kumiminwa.

"Nurel alipokuwa na wiki chache," akasema, "aliharisha na kutapika. Mume wangu hayupo, apa kaenda msibani. Nilikuwa na karatasi ya hospitali mkononi, maneno kama haya haya. Kiowevu. Vipindi stahiki. Mimi ni mtu wa shule ya jioni, baike, lakini kusoma najua, kompyuta najua. Siku ile niliisoma karatasi ile kuanzia juu mpaka chini na halikuingia hata neno moja. Mtoto analia, mimi nalia, karatasi inasema stahiki. Nikampigia shangazi. Akaniambia, kijiko kimoja kimoja, mkwe wangu, mimi niko hapa. Tukahesabu vijiko naye kwenye simu." Akakiweka kikombe mbele yake. "Kule juu hakuna wa kumpigia. Maneno ndiyo yatakayokaa naye."

Apa alikuwa ameacha kumbembeza mtoto. Hakuijua habari hiyo.

Temirlan akakisogeza kikombe chake pembeni. "Basi nani anaweza kuitambua mistari?" akauliza. "Wewe unaikumbuka yote?"

"Mingi, si yote. Wenyewe wataitambua."

"Wako wapi wenyewe?"

Walikuwa uani kwa shangazi, wote, wakikaanga maandazi ya safari. Saikal alipopiga simu alisikia mafuta yakichemka, kuku, na mtu akigombana na mbwa.

"Shangazi," akasema. "Maneno yenu yamefutwa."

Mafuta yaliendelea kuchemka peke yake.

"Yote?"

"Yote yasiyokuwa na jina la mwenyewe."

"Na mbona hayakuwa na jina?"

"Shangazi." Saikal akainamisha kichwa kana kwamba anaonekana. "Ningeliandikaje?"

Ikaja sauti ambayo Saikal hakuitarajia, kicheko kirefu cha mwanamke mnene aliyekaa.

"Mmesikia?" shangazi akawaambia wenzake. "Majira mazima tumebishana kijiko au kikombe, kumbe mkwe wangu ananionea haya."

"Adabu gani hiyo," akasema Toktobubu, muuguzi mstaafu, sauti kama mlango mkavu. "Mkwe wangu mimi ananiita kwa jina nikiwa nyuma ya ukuta tu. Na hana mashine."

"Mnaondoka kesho," Saikal akasema. "Kama mna nafasi, ningesoma, mniambie upi wenu na upi wa mashine. Ni mingi."

"Mikono ina unga, masikio ni mazima," shangazi akasema. "Wewe soma. Weka simu hapo juu ya gunia, Toktobubu. Si hapo, kuku atainyea."

Saikal akasoma. Temirlan alikuwa anamletea mistari kwa jozi, wa zamani na wa leo, na vidole vyake vikingoja. Mwanzoni wanawake walijibu kwa zamu kama darasani. Haikuchukua muda wakawa wanajibu kwa pamoja.

"Mtoto apimwe kiwango cha joto la mwili."

"Mashine."

"Mguse kifuani, si mikononi, mikono hudanganya kwenye baridi."

"Letu. Hilo la Toktobubu."

"Kumisi si ya mtoto mchanga, hata bibi yake akisema."

"Letu," wakasema, na kicheko kikapita uani kule. Apa akakohoa huku. Alikuwa bibi, na maziwa ya farasi yaliyochacha aliyaamini kuliko vidonge.

"Ncha ya kidole tu," akanong'ona.

"Hata ncha," shangazi akasema kutoka kwenye gunia. Simu ilikuwa na masikio mazuri.

Wakaendelea. Wakati mwingine walibishana. Kulikuwa na mstari mmoja juu ya mama aliyechoka na asiyempenda mtoto wake kwa wakati ule: "Si kosa lako. Mpe mtu mtoto, ulale." Hakuna aliyeuchukua mara moja.

"Huo ni wetu?" mmoja akauliza.

"Huo ni wangu," akasema mwanamke ambaye hakuwa amesema chochote mpaka hapo. Hakuna aliyemtania. Temirlan akauweka, na akangoja kidogo kabla ya kuleta mwingine.

Kisha Saikal akasoma: "Kitovu kiache kikavu, kitaanguka chenyewe."

"Letu," akasema Toktobubu.

"Hapana," Temirlan akasema, kwa mara ya kwanza akizungumza na gunia. "Samahani mama zangu. Huo ni wa mashine. Wenu ni mrefu, una sentensi nne, na katikati kuna habari ya mbuzi."

Kule uani mwiko ukagonga sufuria.

"Mbuzi gani?" shangazi akauliza.

"Yule aliyekula kitambaa."

"Ah. Huo ni wangu." Akafikiri. "Uacheni wa mashine. Umesema vizuri. Mbuzi mumtoe."

"Alikuwa mbuzi wa kweli," akalalamika mtu.

"Hata kama wa kweli, nani atasoma mbuzi na mtoto analia."

Maandazi yaliisha kabla ya mistari. Wakaanza kufunga magunia, simu ikihama nao kutoka hapa kwenda pale. Nurel alilala, akaamka, akanyonya huku mama yake anasoma, akalala tena. Walipofika mwisho jua lilikuwa bado kwenye dirisha la jikoni na sauti ya Saikal imekwaruza.

"Sasa majina," Temirlan akasema. "Nitawasajili wote. Mama mwenye nyumba, tuanze na wewe."

"Burulcha," shangazi akasema. "Andika wewe, kijana. Mkwe wangu asisumbuke."

Saikal alitazama pembeni jina lilipokuwa linaandikwa, na apa pia alitazama pembeni, upande ule ule. Wengine wakajitaja kwa zamu. Yule wa mama aliyechoka alipofikiwa, akasema aachwe.

"Nikiacha nafasi tupu, mashine itakufuta," Temirlan akamwambia.

"Basi inifute. Mume wangu atasoma."

Temirlan akamgeukia Saikal, vidole vikiwa juu ya kibodi. Saikal alikuwa ameanza kulifikiria jambo hilo tangu habari ya Bibi wa Mtoni.

"Kosa haliko kwenye majina, baike," akasema taratibu. "Wewe umehesabu kila aliyenyamaza kuwa ni mashine. Nchi hii imejaa wakwe kama mimi. Kesho ataajiriwa mwingine, ataacha nafasi tupu kwa sababu zake. Tutenganishe mafaili. La mashine litoe ghalani kabisa, ulivyosema, lisiwekwe tena, lipikwe upya kila tunapolihitaji. Maneno ya watu yakae kwenye faili lake, dogo, linaloandikwa kwa mkono tu. Mashine ikimaliza kuoka, maneno ya watu yawekwe juu yake. Lililo ndani ya faili lile ni la mtu, liwe na jina au lisiwe nalo."

"Na migongano?"

"Itakuwa ya watu wawili waliobadilisha sentensi moja. Hao wapigiane simu."

Temirlan akakuna shingo. Alitafuta mahali pa kupinga, na Saikal alimwona akitafuta. "Hiyo ni kanuni yangu mwenyewe," akasema hatimaye. "Unga hutunzwa."

"Sijasema si yako."

"Umeisema vizuri zaidi, ndiyo inaniudhi."

Waliandika pamoja, yeye sehemu ya kuoka, Saikal faili la watu. Juu kabisa, mahali pa lile onyo la zamani, Saikal akaweka onyo lake: maneno haya yameandikwa na watu, mashine isiyaguse hata kama hayana jina. Kisha akamwomba Temirlan aiamuru mashine ifanye ubaya wake wote, itafsiri kila kitu tangu mwanzo. Ikafanya. Maelfu ya mistari yakazaliwa upya kwa dakika chache, na katikati yake, kimoja kimoja, vijiko vilikuwa pale pale. Akamwomba airudie. Akairudia bila kunung'unika.

"Tuma," Saikal akasema.

Temirlan akatuma. Kisha, bila kuambiwa, akajiwekea malai kwenye mkate.

Asubuhi simu iliita Saikal akiwa bado hajasuka nywele. Ilikuwa shangazi, na nyuma yake injini ya lori, farasi, watu wakiitana.

"Imefika kwenye simu zote," akapaza sauti. "Nimesimama hapa barabarani kama askari, hapiti mtu mwenye mtoto kabla sijaona. Ngoja. Kuna mmoja hapa anasoma. Wewe binti, soma kwa sauti, kuna mtu anataka kusikia."

Ikaja sauti ya msichana, ya mama wa juzijuzi tu, iliyojaa usingizi. "Mpe kijiko kimoja kimoja," akasoma. "Akitapika ngoja kidogo, kisha anza tena polepole." Akasoma mbele kimya kimya, mdomo wake ukisikika. "Nani kaandika hivi? Ni kama mtu amekaa hapa na mimi."

Mtu akamwita kutoka juu ya lori. Akarudisha simu, na Saikal akabaki akisikiliza farasi.